Wasomaji wa Nyasi Chini ya Meru

Ukiwa Sakina, jijini Arusha, Mlima Meru uko karibu kiasi kwamba unausahau. Gofu, kwa upande wake, huonekana mbali, mchezo wa wenye nafasi. Uwanja wa Kili Golf ulioko Usa River, mashariki mwa jiji, una mashimo 18 yaliyosanifiwa na David Jones wa Ireland Kaskazini, tena jirani na viwanja vya polo, ambako farasi hukimbia kwenye majani yaleyale ya tambarare. Mandhari hiyo husifiwa sana, nami naona sifa imepelekwa pasipostahili. Mlima hudanganya macho: ardhi inayoonekana kupanda huwa inashuka, na mpira hukwepa shimo bila huruma. Anayejua hilo ni mbeba mifuko. Yeye husoma mteremko, upepo na ulalo wa nyasi, kisha humshauri mgeni kwa sauti ya chini. Na mkata nyasi alishaamka mapema kuyawezesha hayo yote. Hao ndio ninaowapongeza.

Mpinzani atauliza kuhusu maji, na ana haki: vijito vya Meru vinatakiwa na migomba, mahindi na jiji lenyewe, ilhali nyasi hazipikwi. Uzuri wa picha haujibu swali hilo. Linajibiwa na nidhamu ya umwagiliaji, pamoja na ujira halali unaobaki vijijini. Na kuhusu utajiri, tajiri hulipia fimbo tu. Ujuzi wa uwanja huuazima kwa kijana aliyembebea mfuko.