Riwaya kwa siku 30: Kipimo cha maneno kinavyokipunja Kiswahili

USIKU wa Novemba 30 mwaka jana, dakika chache kabla ya saa sita, niliandika neno la mwisho la riwaya yangu ya kwanza. Kompyuta ilinionyesha maneno 50,118. Nilimwamsha mke wangu nimpe habari. "Hongera, Baba Neema," akasema. "Sasa zima taa."

Nimefundisha riwaya ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30. Nimezichambua riwaya za watu, nyingine nikazikaripia humu humu gazetini. Yangu mwenyewe ilikuwa kwenye bahasha ya kaki tangu nikiwa mhadhiri kijana: sura mbili na nusu, zilizoandikwa upya mara tisa. Kwa hivyo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari kule Kitui, aliponipigia simu Septemba na kusema, "Mwalimu, Novemba tunaandika riwaya, njoo tuandike sote," niliona haya kukataa. Tulikuwa watatu: yeye, mimi na kijana mmoja wa shahada ya uzamili.

Mtindo wenyewe asili yake ni Marekani. Julai 1999, Chris Baty wa eneo la San Francisco alikusanya wenzake, jumla wakawa watu 21, wakajipa mwezi mmoja wa kuandika riwaya. Mwaka uliofuata wakahamia Novemba, msimu ambao hali ya hewa ya kwao huwafungia watu ndani. Kipimo kikawa maneno 50,000, yaani takriban 1,667 kila siku. Ushauri wa Baty ni kwamba mwandishi asirudi nyuma kusahihisha, aandike tu. Riwaya kama The Night Circus ya Erin Morgenstern zilianza hivyo, kisha zikaandikwa upya kwa subira. Shirika lililozaliwa na mchezo huo lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga milango, baada ya matatizo ya fedha na mizozo kadhaa, ukiwemo ule wa 2024 kuhusu akili mnemba. Shirika limekwenda, desturi imebaki.

Oktoba nilijitayarisha kama mtahiniwa. Nilichora msuko kwenye karatasi za kalenda kuukuu, nikawapa wahusika majina na umri, nikaenda Voi kukaa siku mbili na mzee aliyestaafu kazi ya reli, kwa sababu mhusika wangu mkuu ni mfanyakazi wa garimoshi lile la zamani. Mzee alinipa neno mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma vya reli. Nilikuwa nalijua kwenye kamusi tu. Yeye aliyabeba begani. Siku zile mbili zilinifaa kuliko msuko wote, ambao niliutupa Novemba 6.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Ya pili ikanitia adabu. Ilipofika saa tano za usiku nami nina maneno 900, nilianza kuiba. Sikuiba kwa mtu, niliiba kwa lugha. Tazama sentensi hii, nimeinakili kutoka mswada wangu mwenyewe: "Wakati ambapo alikuwa amefika katika nyumba yake." Maneno saba. Kiswahili kina "Alipofika nyumbani." Mawili. Nimepata faida ya maneno matano, na hasara sijui niipime kwa nini. Kurasa za mbele kuna "yeye mwenyewe binafsi", kuna "kwa sababu ya kwamba", kuna mtu "ambaye alikuwa ni mtu ambaye alikuwa anapenda" muziki. Ati anapenda muziki! Hayo yote ni makosa ninayoyazungushia wino mwekundu katika tasnifu za wanafunzi.

Hapo ndipo nilipoketi nikatafakari kipimo chenyewe. Kilikatwa kwa nguo ya Kiingereza. Nikisema "Hatukuwaona walipotupita", kompyuta inahesabu maneno mawili. Mwingereza akitaka kusema jambo hilohilo anatumia tisa. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati, ukanushi, mtendwa na hata urejeshi, kisha mashine inakiita neno moja. Ni kweli tuna "ya", "wa" na "cha" zetu, zinazohesabiwa kila moja, na vitenzi visaidizi navyo huongeza kidogo, ila hazifidii pengo hilo. Maneno 50,000 ya Kiswahili ni kitabu kirefu kuliko maneno 50,000 ya Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili anakimbia masafa marefu zaidi kwa muda uleule, na njia ya mkato iliyo karibu naye ni kuvunja vitenzi vyake vipande vipande. Kadiri anavyoandika Kiswahili kibovu ndivyo anavyofika mapema.

Na hata bila hesabu hiyo, nani alisema riwaya yetu ianzie 50,000? Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951 isingepata cheti. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990, haifiki hata kurasa mia, na bado tunaumiza vichwa nayo darasani.

Mwenzetu wa tatu, yule kijana, aliacha siku ya nne. Programu yake ya kuandikia ilikuwa inapigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, ukurasa mzima ukawa kama umepata surua. Akahamia Kiingereza, akamaliza Novemba 27. Nimeisoma kazi yake. Ni safi, lakini mazungumzo ya bibi na mjukuu wake wa Busia yanasikika kama mahojiano ya kazi. Nilimwambia. Akanijibu, "Prof, angalau imeisha." Sikuwa na la kumjibu, maana bahasha yangu ya kaki ninaijua.

Yule mwalimu wa Kitui naye hakumaliza. Novemba kwetu si mwezi wa kujifungia ndani na vikombe vya chai. KCSE huwa imepamba moto, mwalimu yuko kwenye usimamizi, na mitihani ikiisha kuna usahihishaji. Walimu ndio uti wa mgongo wa riwaya ya Kiswahili nchini, nasi tumewachagulia mwezi mbaya kuliko yote kwa kuwa ndio waliouchagua watu wa California. Aprili, shule zikifungwa, ingewafaa zaidi. Yeye alikwama kwenye maneno 31,000, akaniandikia ujumbe wa kuomba radhi, kana kwamba alinikopa.

Desemba tulibadilishana miswada. Wake nilianza kuusoma baada ya chakula cha mchana, nikainuka giza limeingia. Mama mmoja anachota maji mtoni na binti yake, na katika kurasa kumi hawasemezani ila mara tatu, nawe unajua kila kilichotokea nyumbani. "Hakumtazama." Ndiyo sentensi nzima, neno moja, na ndilo linaloibeba sura. Mimi ningeandika kwamba alikuwa ni mama ambaye hakuwa anataka kumwangalia binti yake. Ningepata maneno manane zaidi.

Sijutii Novemba yangu. Bila mwezi ule bahasha ingezikwa nami, na mzee wa Voi asingeingia kitabuni na mataruma yake. Lakini aliyeshindwa kati yetu ndiye mwenye riwaya. Mimi nina mswada. Nimemwomba asiongeze hata neno moja kwa ajili ya hesabu, na amesema sura ya saba ataileta shule zikifungwa. Nami nimefika sura ya nne katika kufyeka. Humo peke yake nimefuta "ambaye" mara 61, na riwaya imeshuka hadi maneno 44,000.