Kuvua Magharibi mwa Goma: Hewa, Kina na Barabara

Mvuvi wa ndoana anayetoka Goma kwa siku moja au mbili na kuelekea magharibi ana maji ya aina tatu mbele yake. Ya kwanza ni Ziwa Kivu, kuanzia Sake kupitia Shasha na Kirotshe hadi Bweremana. Ya pili ni maziwa madogo ya Mokoto, yaliyo kwenye milima ya Bashali. Ya tatu ni mito ya msituni Walikale, inayoteremkia mto Lowa. Mwambao wa Sake hadi Bweremana na maziwa ya Mokoto yako katika teritwari ya Masisi, yenye kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475, karibu mara tano ya hiyo, na sehemu kubwa ni msitu. Kwa safari fupi, mwambao ndio chaguo la kwanza. Mokoto hudai mvuvi alale huko. Walikale ni safari ndefu, na kuipanga kama ya mwisho wa juma ni kujidanganya.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu. Chini yake maji hayana oksijeni, na yamebeba kaboni dioksidi ya kilomita za ujazo 300 hivi pamoja na methani ya kilomita za ujazo 60 hivi. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo huchanganya maji ya juu na oksijeni hufika karibu mita 60. Katika miezi ya mvua hukomea karibu mita 30. Ghuba ya Kabuno, iliyo mbele ya Sake, ni kali zaidi. Imetenganishwa na ziwa kuu na kizingiti cha mawe kisicho na kina kirefu, na oksijeni yake huishia karibu mita 10. Kwa hiyo mshipi ulioshushwa mita 20 katika Kabuno unavua mahali pasipo na samaki. Hili ndilo kosa la kwanza la aliyezoea maziwa mengine, na ndilo rahisi kuliko yote kuepuka: chambo kikae juu, karibu na ukingo.

Samaki mashuhuri wa ziwa hili, sambaza, hafai kuwa shabaha ya ndoana. Sambaza si mwenyeji. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea humo. Uvuvi wake ulianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbinu yake ni ya usiku: mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa magogo marefu, taa huwashwa juu ya maji, samaki hukusanyika kwenye mwanga, na wavu mpana uliotandazwa chini yao huinuliwa kwa mikono ya watu wengi kwa wakati mmoja. Kwenye mbalamwezi taa hupoteza nguvu, na mapato hupungua. Mgeni anayetaka kuiona kazi hii, na inastahili kuonwa, apange siku za mwezi mwandamo na akubaliane na wavuvi mapema. Aende kama mtazamaji, kwa sababu kila mkono kwenye kamba hizo una nafasi yake.

Shabaha ya ndoana ni tilapia na kambale. Tilapia hupatikana kwenye vighuba vyenye majani, asubuhi jua linapopanda. Ufito wa mwanzi, mshipi mwembamba, ndoana ndogo, boya na chubwi nyepesi vinatosha, na chambo ni nyungunyungu au tonge dogo la bugali lililokandwa likakaza. Kambale hutafutwa jioni, kwenye tope na midomo ya vijito, kwa mshipi mnene na chambo kinachonuka kinacholala chini. Ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana huvumilia maji machafu na mabwawa ya mafunjo ambayo samaki wengine huyakimbia.

Kaboni dioksidi, ile iliyo chini ya ziwa, ni hatari kwa mvuvi nchi kavu pia. Kati ya Goma na Sake, na kusini kidogo ya Sake, kuna mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi wala harufu, na hukusanyika zaidi usiku na alfajiri upepo unapolala, yaani saa zilezile ambazo mvuvi hukaa ukingoni. Imeua watu na mifugo. Dalili ni wadudu, ndege au wanyama wadogo waliokufa shimoni, na majani yaliyokauka bila sababu. Kanuni ni chache na hazina msamaha: kuuliza wenyeji kabla ya kushuka popote, kutolala wala kuchutama kwenye shimo, na kutoingia peke yako kumwokoa aliyeanguka humo.

Majini, hatari ni upepo wa ghafla na chombo kilichojaa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ya Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, na makumi ya watu wakafa. Kwa mtumbwi wa kukodi, fulana ya kujiokoa ni kwa kila mtu. Kurudi kuwe kabla ya adhuhuri katika miezi ya mvua.

Mokoto ni habari nyingine. Maziwa haya yalizaliwa lava ilipoziba mabonde, na maji yake yanaelekea magharibi, kwenye bonde la mto Kongo, tofauti na Kivu inayotoka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Njia hupita Sake kisha Kitshanga, mji ulio karibu kilomita 80 kutoka Goma. Kilomita hizo hazifanani na za lami: mvua ikinyesha, udongo wa Masisi hugeuka utelezi, na pikipiki hushinda gari. Muda wa kwenda uhesabiwe kwa saa, na kiangazi kipewe kipaumbele. Watawa wa Trapisti walianzisha monasteri Mokoto mwaka 1954. Kabla ya kutupa ndoana, heshima na utaratibu vinadai kuonana na mwami, yaani chifu, au mwakilishi wake, kisha huduma ya uvuvi ya teritwari.

Huko Walikale, Lowa na matawi yake huvuliwa kwa migono, nyavu na ndoana za usiku zilizofungwa kwenye matawi ya miti. Vijito vidogo hukingwa kwa udongo wakati wa kiangazi na maji kukombwa mpaka samaki wabaki kwenye tope. Sumu ya majani, inayojulikana sehemu nyingi za msitu wa Kongo, huua hata vifaranga vya samaki, na mgeni asiiguse wala kuilipia.

Samaki waliopatikana hawakai kwenye joto la mchana. Sambaza hukaangwa au kuanikwa siku hiyohiyo, na kambale hukaushwa kwa moshi kabla ya kurudi mjini.

Yote haya yana sharti moja. Masisi-centre na Sake zilitwaliwa na kundi la waasi la M23 Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale-centre Machi. Wapiganaji waliondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili. Mstari wa mapigano husogea haraka kuliko ramani inavyoweza kuonyesha. Habari za barabara ziulizwe kwa wamotari, yaani waendesha pikipiki, waliopita huko siku hiyo au jana yake. Wakisita kujibu, safari iahirishwe.