Kuseti Taimingi

Fundi huyu hasikilizi injini iliyokwisha kuchemka. Ukimpelekea gari linalolia cheni, atakuambia uliache lilale gerejini, na asubuhi hakuna atakayegusa ufunguo mpaka yeye mwenyewe awe amesimama anapotaka kusimama. Cheni ya taimingi iliyolegea hulia kwa sekunde chache tu, injini inapowashwa ikiwa ya baridi. Oili ikishapanda na kujaza njia zake, kelele inapotea. Gari linalofika saa nne, limeshazunguka mjini na kupakia abiria, limekwisha kufuta ushahidi wake.

La leo ni Toyota IST la kijana anayefanya teksi ya mtandaoni Dar es Salaam. Toleo la kwanza la IST lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na hili lina injini ya 1NZ-FE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,497. Injini hiyohiyo imo kwenye Probox nyingi na baadhi ya Vitz zinazopita barabarani, kwa hiyo si ngeni kwa fundi yeyote wa mjini. Wanaoijua ni wengi, ila wanaojua kuisubiri ni wachache.

Kabla ya yote anachomoa stiki ya oili, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha, anaichomoa tena. Oili iko chini ya alama na ni nyeusi. Anaongeza mpaka ifike panapotakiwa, ndipo anaposhika bisibisi ndefu. Kinachokaza cheni kwenye injini hii ni tensiona, na tensiona inasukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua, hata cheni nzima inaweza kupiga kelele. Anaiondoa sababu hiyo mapema ili isije ikamdanganya.

"Washa, mwanangu."

Ncha ya bisibisi iko juu ya kava la taimingi, mpini wake umekaa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Injini inashika, na ndani ya chuma inatoka karakarakara kavu, kisha inakata. Anahamisha ncha kwenye alteneta, halafu kwenye pampu ya maji, halafu anarudi alikoanzia. Injini ikishazimwa anafungua mkanda wa nje na kuzungusha puli moja baada ya nyingine kwa vidole, akihisi kama kuna beringi inayokwaruza. Zote zinateleza.

"Si cheni hiyo, fundi?" anauliza mwenye gari.

"Bado. Tusimhukumu mtu kwa sauti."

Mashine ya kusomea makosa inaonyesha P0016, yaani taarifa ya sensa ya krenki na taarifa ya sensa ya kamshafti hazikubaliani. Wapo ambao wangeishia hapo na kuandika orodha ya spea. Yeye anasema mashine imeonyesha penye ugomvi, haijasema mkosaji ni nani. Sensa inaweza kuwa mbovu. Valvu ya oili inayoendesha VVT-i, mfumo unaosogeza muda wa valvu za kuingiza hewa, inaweza kuwa imeziba. Kwa hiyo anaifungua valvu hiyo, anachomoa kichujio chake cha wavu kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole, anakiosha kwa petroli na kukipuliza. Kisha anaigusisha valvu yenyewe kwenye nyaya za betri, mara moja, kwa kitambo kifupi. Inasikika tik. Inafanya kazi.

Ndipo anapofungua tapeti kava. Anazungusha krenki kwa soketi mpaka mkato wa puli usimame kwenye sifuri iliyochorwa kwenye kava la mbele, halafu anamulika gia za kamshafti kwa tochi. Alama zao zilitakiwa zitazame juu. Zimechelewa kidogo. Anaibonyeza cheni kwa dole gumba kati ya gia mbili, nayo inabonyea kuliko inavyopaswa.

"Haya," anasema. "Sasa ndiyo cheni."

Kazi ya cheni hii ni kuhakikisha kila krenki inapozunguka mara mbili, kamshafti zinazunguka mara moja, bila kuwahi wala kuchelewa. Krenki ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 katika sekunde moja, na kila mara pistoni iko njiani. Cheni ikiruka meno ya kutosha, pistoni inaikuta valvu bado iko chini. Valvu inapinda, na bili inaacha kuwa ya cheni, inakuwa ya silinda hedi nzima.

Watu husema cheni imevutika, ilhali chuma chake hakijavutika. Cheni ya namna hii, ya pini zinazozunguka ndani ya bushi, ni kazi ya Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na karakana Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila pini na bushi yake vinasagana kidogo. Oili ikiwa safi, vinasagana polepole sana. Oili ikibeba masizi na vumbi la chuma, inageuka msasa. Ni kama deni la genge: hakuna siku moja iliyoonekana nzito, lakini mwisho wa hesabu unashtuka. Upungufu wa unywele kwenye kila pini, ukijumlishwa pini zote, unatosha kuichelewesha kamshafti.

Kufungua kunaanza kwa kumwaga oili na maji. Mauntingi ya upande wa kulia lazima itoke, kwa hiyo injini inategemezwa kwanza kwa jeki, na kipande cha mbao kinawekwa kati ya jeki na sampu ili bati lisibonyee. Puli ya krenki ina bolti moja kubwa iliyokazwa kwelikweli. Wengine huifungua kwa kukita spana kwenye chasi na kupiga stata. Yeye ana chuma bapa alichokichomelea mwenyewe, chenye bolti mbili zinazoingia kwenye matundu ya puli. Msaidizi anakishikilia, fundi anavuta bomba lililovikwa kwenye mpini wa soketi, na bolti inaachia kwa mlio mmoja.

Bolti za kava la mbele hazilingani urefu. Hapo ndipo unapoona utaratibu wake. Amechukua ubavu wa boksi, amechora umbo la kava kwa kalamu, na kila bolti inayotoka inachomekwa kwenye boksi mahali ilipotoka. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua aluminiamu. Ikiwa fupi kwenye tundu refu, inakaza nyuzi chache na baadaye kava linavuja. Msaidizi anataka kuzitia zote kwenye kopo la petroli zioshwe kwa pamoja.

"Dogo, moja moja. Ukitoa, osha, rudisha kwenye boksi."

Kava limegandishwa na silikoni ya zamani. Linatolewa kwa bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa, kwenye zile pembe tu ambako kiwanda kiliacha nafasi ya kubinulia, kidogo huku, kidogo kule, mpaka linaachia lenyewe. Kava la injini hii limebeba na pampu ya oili ndani yake, kwa hiyo linalazwa juu ya gazeti safi, uso juu.

Cheni sasa iko wazi, na fundi haigusi. Anaitazama. Pini ya tensiona imetoka nje karibu yote. Imefika mwisho wa uwezo wake ikijaribu kuufuata ulegevu. Reli ya plastiki inayoongoza cheni ina mifereji miwili iliyochimbwa na pingili. Anapitisha ukucha kwenye mfereji, anamwita mwenye gari, anamshika kidole na kumpitishia naye. Kisha anakagua kama kuna kipande cha plastiki kilichovunjika, maana kikidondoka kwenye sampu kinaweza kuziba chujio la pampu na kuua injini yenye cheni mpya. Reli imelika lakini haijavunjika.

Cheni mpya imetoka Kariakoo pamoja na tensiona, reli zote mbili na sili ya krenki. Fundi anapiga msumari kwenye mlingoti wa gereji, anazitundika cheni mbili, ya zamani na mpya, juu zikiwa sawa. Chini hazilingani. Ya zamani imeshuka kuliko mwenzake, si sana, ila hakuna anayehitaji miwani kuona. Mwenye gari hana swali tena kuhusu bei.

Usafi unachukua muda mrefu kuliko kufungua. Silikoni kuukuu inakwanguliwa kwa kipande cha plastiki ngumu kwa sababu kisu kinaacha mikwaruzo, na mkwaruzo ndio mwanzo wa kuvuja. Kabla ya kukwangua, fundi ameziba kila uwazi kwa matambara, na anayahesabu. Akimaliza anayahesabu tena yakitoka.

Sasa ndiyo kuseti taimingi yenyewe. Cheni ikiwa imetoka, kamshafti haziruhusiwi kuzungushwa hovyo, kwa kuwa hakuna kinachozuia valvu kukutana na pistoni. Kwa hiyo krenki inasogezwa robo mzunguko, pistoni zote zinakaa katikati ya safari zake, mbali na valvu. Baada ya hapo tu ndipo anaposhika kamshafti kwa spana, kwenye sehemu yenye pembe sita iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na kuzipeleka alama zake juu. Kisha krenki inarudishwa mahali pake, taratibu, mkono ukisikiliza kama kuna kinachogusa.

Cheni mpya ina pingili tatu za rangi tofauti: mbili za gia za kamshafti, moja ya gia ya krenki. Kila moja lazima ikae juu ya alama ya gia yake, na upande wa reli isiyosogea uwe umenyooka bila kulegea. Ulegevu wote unapelekwa upande wa tensiona. Inaingia, inakosea jino moja, anaitoa. Inaingia tena, gia ya krenki imekaa, ya kamshafti moja imekaa, ya pili inakataa kwa nusu jino. Anaisogeza kamshafti kwa spana kiasi cha pumzi, cheni inashuka yenyewe mahali pake. Hakuna nyundo iliyopita hapo.

Pini ya tensiona imerudishwa ndani na kuzuiwa kwa kipande cha spoki ya baiskeli. Tensiona ikishafungwa, anachomoa spoki. Pini inaruka, mkono wa plastiki unasukuma, cheni inakaza.

Mtu mwenye haraka angefunga kava. Fundi anarudisha bolti ya puli na kuzungusha krenki kwa mkono, kufuata mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili. Anazungusha polepole, na angesikia kizuizi angesimama hapohapo. Hakipo. Mkato unarudi kwenye sifuri na alama za gia zinatazama juu. Msaidizi anashtuka kwamba pingili za rangi hazipo tena kwenye alama. Fundi anacheka. Pingili hizo ni za siku ya kufunga tu. Cheni ikishazunguka zinahama, na hazikutani na alama zote tena mpaka baada ya mizunguko mingi. Baada ya hapo zinazoaminika ni alama za gia. Hata hivyo anazungusha mara mbili nyingine.

Silikoni inapakwa mstari mwembamba usiokatika, kava linawekwa kabla haijashika ngozi, na bolti zinatoka kwenye boksi moja moja. Zinakazwa kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mwisho kwa spana ya kupimia mkazo. Chini ya gasketi mpya ya tapeti kava anaongeza tone la silikoni kwenye pembe mbili, pale kava la mbele linapokutana na silinda hedi, maana hapo ndipo panapovuja kwa aliyesahau. Kisha injini inaachwa ikauke mpaka kesho yake. Hakuna oili inayomwagwa kwenye silikoni mbichi.

Kesho yake oili mpya inaingia na chujio jipya linafungwa. Plagi za umeme za injekta na koili zinachomolewa, na stata inapigwa mpaka taa ya oili izime. Tensiona inahitaji oili kabla injini haijaanza kuvuta. Zinarudishwa, kosa linafutwa kwenye mashine, ufunguo unazungushwa. Injini inatulia bila kutetemeka. Mwenye gari anatoa pesa mfukoni, fundi anazikataa mpaka gari lilale tena na kuwashwa likiwa la baridi. Lilipowashwa asubuhi iliyofuata halikulia, ndipo alipohesabu hela yake.

Wewe mwenye gari la cheni, usidanganyike na wanaosema cheni haina matunzo kwa kuwa si mkanda. Matunzo yake ni oili safi, ya kiwango sahihi, inayobadilishwa kwa wakati. Ukisikia kelele ya asubuhi, usiifunike kwa redio. Na ukimpata fundi anayezungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha kwa ufunguo, mwachie muda anaouhitaji, kisha mlipe stahiki yake bila kuomba apunguze.