Kalasinga na Lugha Isiyoulizwa

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, kutoka Kisutu hadi Kariakoo, sikio la mtaa lina jina moja kwa lugha nyingi: Kihindi. Kigujarati ni Kihindi, Kikachi ni Kihindi, na Kipunjabi nacho hakisalimiki. Kiswahili kimezoea kufinyanga majina ya wageni. Kariakoo yenyewe imetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Na Kala Singh, jina la mtu, limekuwa kalasinga, jina la kila Singasinga.

Abdulrazak Gurnah alilitia jina hilo katika riwaya ya Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kalasinga wa riwaya ni fundi wa mashine, na jina lake hasa ni Harbans Singh. Anajigamba kuwa ataifasiri Kurani kwa Kiswahili. Wenziwe wanamcheka: Kiswahili kinamshinda, Kiarabu hakijui. Naye hujibu kuwa atafasiri kutoka Kiingereza. Utani ni mtamu. Ila lugha aliyoinyonya kwa mamake haiulizwi.

Lau angaliulizwa, jibu lingalikuwa refu. Kipunjabi kina lahaja zake: Kimajhi cha Lahore na Amritsar, Kidoabi, Kimalwai na nyinginezo. Ni lugha ya toni: sauti ikipanda, ikishuka au ikitulia, silabi zile zile huwa mkoma, farasi au mjeledi. Tangu Punjab ikatwe vipande viwili mwaka 1947, Pakistani huiandika kwa hati yenye asili ya Kiarabu, na India kwa Gurmukhi. Msomaji wa pwani, mwenye Kiamu, Kimvita na Kiunguja, na tenzi za hati mbili, angelielewa hilo upesi kuliko wengi.

Kimya cha riwaya si kasoro ya Gurnah. Amenakili kwa uaminifu namna pwani ilivyomsikia mgeni wake. Deni liko kwa watunzi na wafasiri wa Kiswahili. Utenzi mrefu wa mapenzi wa Waris Shah, Hir, ulitimia mwaka 1766. Mswahili akiutaka leo, aghalabu huufuata katika Kiingereza, kwa njia ile ile aliyochekwa nayo Kalasinga.