James Hanley: Mwandishi wa Chumba cha Makaa

Riwaya nyingi za bahari na vita zilizoandikwa Uingereza huitazama bahari kwa macho ya nahodha. Humo dhoruba ni mtihani wa ushujaa wake, na wale wanaochochea makaa chini ya sitaha hawana majina. Hutajwa wanapolewa au wanapoasi. Kada au mwanafunzi anayetaka kujua vita vya kibeberu vilimfanyia nini baharia wa kawaida hatapata mengi humo. Amsome James Hanley, ambaye wahakiki wengi walimpita pembeni hata kabla hajafariki mwaka 1985.

Hanley alizaliwa Liverpool mwaka 1897 katika familia ya Kiairishi. Baba yake alikuwa mchochea makaa melini. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, naye akaenda baharini. Riwaya yake Hollow Sea (1938) inatokana na maisha hayo. Meli iliyomo haiitwi tena kwa jina bali kwa alama, A.10, nayo inabeba askari kwenda mahali ambapo mabaharia hawaambiwi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: mfanyakazi anaiendesha mashine ya vita bila kujua inakwenda wapi, na fununu za vyumba vya chini ndizo gazeti lake. Kitabu ni kirefu, tena kizito mahali pengine. Msomaji asione haya kupumzika njiani.

Ni afadhali aanze na The Ocean (1941). Meli imezamishwa, na watu watano wamo katika mashua moja: baharia Curtain, padre mzee, na abiria wengine watatu. Nchi kavu Curtain ni mtu wa kupokea amri. Ndani ya mashua yeye peke yake ndiye anayeijua kazi, basi madaraka yanahamia mikononi mwake bila uchaguzi wala hotuba. Hanley hamgeuzi kuwa sanamu. Anachoka, anakasirika, anaendelea kupiga makasia. Yafaa kukumbuka kwamba katika sheria ya zamani ya Uingereza mkataba wa baharia ulikwisha pale meli yake ilipozama.

Wako wenzetu watakaosema kwamba wavujajasho wa Hanley wanateseka tu, hawajikomboi. Hoja hiyo ina uzito, hasa juu ya Boy (1931). Mtoto anayetaka kusoma anatolewa shule apeleke mshahara nyumbani, anatoroka kwa kujificha melini, na huko anaangamizwa. Hakuna mlango wa kutokea. Lakini mwandishi asiyeona mlango hatakiwi kuuchora ukutani ili kuturidhisha. Wenye mamlaka walikisoma kitabu hicho kwa makini kuliko baadhi yetu: mwaka 1935 wachapishaji wake walitozwa faini ya pauni 400 kwa kosa la uchafu. Mwaka huohuo E. M. Forster aliitaja kesi hiyo mbele ya mkutano wa waandishi mjini Paris. Waliokasirishwa na kitabu hawakusumbuliwa na bandari zilizowaajiri watoto wa namna hiyo.

Kikundi cha masomo kikipata nakala moja tu, iwe ya The Ocean. Isomwe kwa sauti, kisha wanakikundi wajadiliane: ni nani aliyempa Curtain haki ya kuwaamuru wale wanne, na je, wangeitambua haki hiyo siku ya kufika nchi kavu?