Heko Fundi wa Bastola

Colt Single Action Army, bastola iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani na kupokelewa mwaka 1873, bado hufyatuka leo kwa sababu ya mafundi ambao majina yao hayaandikwi popote. Hao nawavulia kofia.

Ndani ya bastola hii mna springi bapa yenye panda mbili: moja husukuma kifyatuo, nyingine husukuma komeo linalofunga silinda. Springi hiyo huvunjika mara kwa mara. Ncha ya kifyatuo nayo ni nyembamba, hukaa katika pengo dogo la nyundo. Ikilika, silaha haiaminiki tena.

Fundi wa kweli hapachiki tu kipuri kipya na kukaza skrubu. Huhakikisha kwanza vyumba vyote sita vya silinda ni vitupu. Kisha hupaka wino panapogusana chuma na chuma, hujaribu, hufungua, husugua kidogo kwa jiwe, hurudia tena na tena. Chuma kilichosuguliwa kupita kiasi hakirudi. Nyundo yaweza kujiangukia na mtu akafa. Ndiyo maana namheshimu zaidi yule anayemjibu mteja anayetaka kifyatuo chepesi mno, fedha zikiwa tayari mezani: “Hapana, bwana, hiyo sifanyi.”