Chumba Kimoja na Mwenye Chupa

Kila mwaka vyuo vya Marekani vinapofunguliwa, baina ya mwezi wa Agosti na Septemba, hunijia swali moja kutoka kwa vijana wetu waliokwenda kusoma huko. Maneno hubadilika, lakini swali ni lile lile. Kijana amepangiwa na chuo chumba cha bweni pamoja na mwenzake asiye Muislamu. Vitanda viwili, meza mbili, friji moja ndogo. Na ndani ya friji hiyo, au chini ya kitanda cha pili, mna pombe. Kijana auliza: Sala yangu yaswihi? Nihame? Niimwage?

Leo sikukusudia kulijibu swali hilo peke yake. Nataka tuyatazame majibu tunayoyatoa sisi tunaoulizwa, masheikh na waalimu na wazee, kwani nimeyasikia mengi, na moja katika yaliyo mabaya nimelitoa mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2016. Kijana niliyemsomesha tangu alifu aliniandikia akiwa mwezi wa tatu chuoni, nami nikamjibu kwa haraka, kama mtu aliyeitwa kwenye jambo jingine: "Toka katika chumba hicho, mwanangu. Usilale na najisi." Akatii. Vijana waliolelewa vyema wana taabu hiyo, hutii. Chuo hakikuwa na chumba kingine katikati ya mwaka, akapanga chumba nje kwa kodi ambayo baba yake alikopa kuilipa, na yeye mwenyewe akawa anaosha vyombo katika jiko la chuo jioni badala ya kusoma. Masomo mawili yalimshinda mwaka ule. Aliporudi likizo tulikaa barazani, nikamuuliza yule mwenzake alisema nini alipoelezwa sababu ya kuhamwa. Akainamisha kichwa. "Sikumwambia, Maalim. Hukuniambia nimwambie. Nilingoja aende darasani, nikafunga mizigo yangu." Kisha akanieleza kwamba yule mwenzake alikwenda kumuuliza Muislamu mwingine wa bweni lile, amemkosea nini mwenzake mpaka akahamwa kimya kimya, au ni kwa ajili ya kukoroma kwake.

Sijalisahau neno hilo la kukoroma. Mtu amelala dhiraa chache kutoka kwa Muislamu kwa miezi mitatu, amemwona akitawadha na kutandika msala, na mwisho wake hakupata hata kujua kwamba jambo lilikuwa ni pombe. Akadhani ni pua yake.

Jawabu hili la "toka" lina asili katika dini, wala sisemi halina. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza Muislamu kukaa kwenye meza ambayo pombe inazungushwa, nayo ni hadithi iliyopokewa na Tirmidhi. Na Imam Qurtubi, alipoifasiri aya ya 140 ya Suratin Nisaa, ameitaja khabari ya Khalifa Umar bin Abdulaziz aliyewakamata watu wakinywa, akaambiwa mmoja wao amefunga saumu, naye akamtia adabu pamoja nao, kwani alikaa katika kikao chao. Lakini tutazame yaliyokatazwa ni yapi. Ni kukaa katika kikao cha kunywa. Na aya yenyewe, inayokataza kukaa na wanaozifanyia mzaha aya za Mwenyezi Mungu, imeweka mpaka wa katazo, nao ni mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Kukaa kwenye meza ni jambo moja, na kulala chini ya dari moja na mtu ambaye chupa yake imefungwa kabatini ni jambo la pili. Sisi tuliyachanganya yote mawili kwa kuona ni usalama zaidi, na usalama huo ulikuwa wetu, si wa kijana.

Mbaya zaidi, jawabu hili hupambwa kwa vitisho visivyo mahali pake. Nimesikia kijana akiambiwa kwamba malaika hawaingii chumbani mwake. Hadithi tuijuayo katika Bukhari na Muslim imetaja mbwa na sura, haikutaja chupa. Mwingine aliambiwa kwamba sala yake haikubaliwi siku arubaini. Jamani! Hayo yamepokewa juu ya anayekunywa, vipi tumbebeshe aliyelala kitanda cha jirani? Sala ina sharti zake, nazo zajulikana na mtoto wa madrasa: mwili twahara, nguo twahara, mahali pa kusalia twahara. Pombe ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii, na ikimwagikia msala huondoshwa na pakaoshwa kwa maji, na mambo yakaisha. Haifiki najisi kwa kuwa karibu tu. Kijana akisali penye pembe yake safi, sala yake ni sahihi, na kumtia wasiwasi katika sala ni kumfungulia mlango wa kuiacha. Wapo walioiacha kwa njia hiyo.

Jawabu la pili ni la wale wanaojiona wapole, aghalabu watu waliosoma nje zamani na wakakaa huko. Wao humwambia kijana: Wewe hunywi, basi yako ni yako na yake ni yake, usijitie katika mambo ya watu, na hushikilia mwisho wa Suratul Kafirun kuwa ndio hoja. Nastaajabu. Sura hiyo neno lake la kwanza ni amri, "Sema". Mtume hakuambiwa anyamaze. Aliambiwa awaambie usoni, kwa maneno ya wazi, kwamba haabudu wanachokiabudu. Vipi sura iliyoanza kwa "Sema" igeuzwe kuwa hoja ya kunyamaza?

Na mimi nimewadadisi vijana waliolifuata jawabu hili. Si uvumilivu uliowanyamazisha. Ni haya. Wanaogopa kuonekana washamba. Kijana wa kwanza alinyamaza akahama, na huyu wa pili hunyamaza akabaki. Siku za mwanzo humwambia mwenzake "mimi sinywi" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kana kwamba ana maradhi ya tumbo. Baada ya muda huombwa, "Nipokelee mzigo wangu mlangoni," akaupokea. "Nitolee moja hapo kwenye friji," akaitoa. Watu wakija Ijumaa usiku hubakia kitandani mwake katikati yao, kwani chumba ni chake pia, aende wapi? Na hapa ndipo khatari ilipo. Katika hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe wametajwa mkamuaji na mnywaji, mwuzaji na mnunuzi, na wametajwa pia anayeibeba na anayewapa wengine wanywe. Anayelala jirani nayo hakutajwa. Basi mpaka tuliopaswa kumfundisha kijana uko katika mikono yake, na pale anapokaa saa ile watu wakinywa. Hauko katika kuta za chumba. Wa kwanza tulimfukuza mahali ambapo hakufukuzwa na sharia, na wa pili tukamwacha abebe kilicholaaniwa kubebwa.

Wako pia wenye hamasa wanaotaka kuimwaga. Huyo nimjibu kwa ufupi. Imam Nawawi katika Minhaji ameeleza kwamba pombe ya dhimmi haimwagwi isipokuwa akidhihirisha kuinywa au kuiuza, na hiyo ni hukumu ndani ya dola ya Kiislamu. Sembuse wewe uliyeingia nchi ya watu kwa ruhusa yao na ukaweka mkono wako katika mkataba wa bweni?

Sasa tazameni mfano ulioko ndani ya Qur'ani ambao tunausoma kila mara na hatukuuweka mbele ya vijana hawa. Nabii Yusuf (A.S.) aliingia gerezani, na pamoja naye wakaingia vijana wawili. Mmoja aliota anakamua mvinyo, na tafsiri ya ndoto yake ni kwamba atarudi kumnywesha bwana wake. Nabii wa Mwenyezi Mungu amekaa chumba kimoja na mnyweshaji wa mfalme! Hakukichagua chumba kile, kama kijana wetu asivyokichagua cha bweni. Wenzake wale walimwendea na ndoto zao kwa sababu walikwisha kumwona kuwa ni mtu mwema. Naye aliwaita kwa jina la usuhuba, enyi wenzangu wawili wa gerezani, na kabla ya kuwafasiria ndoto akawaambia waziwazi mila aliyoiacha na mila anayoifuata, mila ya baba zake Ibrahim na Is-haka na Yaakub. Hakuwageuzia mgongo wala hakuificha dini yake ili apendeze. Kisha Qur'ani haikutuambia kwamba yule mnyweshaji aliacha kazi yake. Alirudi kwa bwana wake, akasahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka kadhaa. Lakini alipokumbuka, alijua ni nani wa kuendewa.

Hili ndilo hatukuwafundisha. Katika madrasa zetu mtoto huhifadhi kwamba pombe imeharimishwa hatua kwa hatua, katika Albaqara, kisha Annisaa, kisha Almaida, na huhadithiwa namna ilivyomwagwa njiani Madina. Ni elimu njema. Lakini hatujapata kumkalisha kijana tukamwambia: Haya, mimi ni mwenzako wa chumba, nieleze. Utaanza na neno gani? Hukumu anayo, ulimi hana.

Na tusiwaonee vijana peke yao. Katika miji yetu hii ya pwani wamo waliomkodisha mwenye baa nyumba ya chini, nao wakaa juu, wanasali tarawehe kwa kodi hiyo. Wengine ndio hao wanaoniletea swali la mtoto wao na friji ya Marekani kwa uchungu mkubwa. Mwenye kula thamani yake naye yumo katika wale kumi.

Mwaka jana kijana mwingine aliponiandikia sikumjibu siku ile ile. Kwanza nikamuuliza mambo ya huko, na nilijifunza. Sheria ya serikali yao ya mwaka 1984 iliyafanya majimbo yote, kufikia 1988, kuweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aghalabu ana kumi na minane au kumi na tisa. Kwa hivyo chupa ile mara nyingi imevunja kanuni za chuo chenyewe, na ikikutwa chumbani huulizwa wote wawili. Vyuo vingi tena huwapa wenye chumba karatasi ya mapatano mwanzoni mwa mwaka, waandike saa za kulala, wageni, na vitu vya kushirikiana, mbele ya msimamizi wa bweni ambaye naye ni mwanafunzi. Kijana wangu alikuwa ameitia sahihi karatasi hiyo bila ya kuandika kitu chochote kuhusu pombe. Aliona haya.

Nikamwambia asianze kwa msimamizi, aanze kwa mwenzake, na asubuhi, wakati mtu ana akili zake, si usiku wa wageni. Amwambie mambo matatu tu: dini yangu imenikataza hii, sitaigusa wala kukuletea, wala sitakaa inaponywewa, naomba isikae pamoja na chakula changu, na wageni wa kunywa wasiwe humu. Akikataa kabisa, hapo ndipo aombe kubadilishiwa chumba, na aseme sababu.

Alichukua siku tisa kupata ujasiri. Mwenzake, kwa maneno yake, alisema tu, "Kwa nini hukuniambia tangu zamani?" Friji sasa ni ya chakula peke yake, na zile chupa zimehamia kabatini kwa mwenyewe. Kuhusu wageni wa Ijumaa bado hawajapatana. Usiku huo kijana huenda maktaba mpaka wafungiwapo, na amenambia mara ya mwisho mwenzake alimfuata huko na vitabu vyake.